Buloni ya Katorze

"Katorze ni katorze," alisema Floribert, akiipuliza buloni mpya vumbi litoke. "Ufunguo ya katorze ikiingia ku kichwa, buloni ni ile ile."

Mafundi wote wa mtaa wa Kadutu walizitaja buloni, yaani bolti, hivyo, kwa namba ya Kifaransa ya ufunguo unaozifungua, katorze ikiwa kumi na nne, na Floribert hakuwahi kukosea. Ila pikipiki iliyokuwa mbele yake haikuwa ya Ubelgiji kama zile alizozizoea. Donatien, muuguzi, aliinunua kwa mmisionari aliyekuja nayo kutoka Uganda, na buloni moja ya kifuniko cha injini ilikuwa imeanguka njiani. Mafuta yote yalimwagika kupitia tundu lake. Jumatatu asubuhi daktari angechagua muuguzi wa kuzunguka vijijini, na alikuwa amesema wazi kwamba atamchukua mwenye moto, yaani pikipiki, inayotembea. Donatien alikuwa amefunga vidonda katika chumba kimoja miaka sita. Leo ilikuwa Jumamosi.

Buloni iliingia, ikazunguka mara tatu, ikagoma. Floribert akajaribu nyingine. Nayo ikagoma palepale.

"Kaza na nguvu, fundi," alisema Donatien. "Itaingia tu."

Floribert akashika ufunguo kwa mikono miwili.

"Papa Gaston, acha!" Apolline, mke wa Floribert, alikuwa mlangoni kwenye cherehani yake, akimwita kama kawaida kwa jina la mtoto wao. "Hausikie hiyo chuma iko nalia?"

"Mama Gaston, hii ni injini, haiko robo ya kushona," alisema Floribert, akilitazama gauni lililokuwa kwenye cherehani.

"Robo nikikosea, ninafumua. Hiyo tundu ukiiharibu, utaifumua namna gani?"

Donatien alicheka. Floribert hakucheka, lakini aliushusha ufunguo.

Apolline akaomba wamfungulie buloni moja ya zamani iliyobaki kwenye kifuniko. Akaiweka sambamba na ile mpya, meno kwa meno, akaziinua juani. Unene ulikuwa mmoja. Vichwa vililingana. Lakini meno yalishikana mwanzoni tu. Mbele kidogo yakapandana, na mwanga ukapita katikati.

Alivua utepe wa kupimia shingoni. Upande wa santimeta haukumpa hesabu inayokaa vizuri, kwa hiyo akaugeuza. Upande wa pili, ambao hakuwa akiutumia kamwe, ulikuwa na alama pana pana za inchi, kipimo cha Waingereza. Akahesabu meno kwa ncha ya sindano.

"Kumi na nane kamili katika inchi moja. Sasa hii yako, Papa Gaston... makumi mbili na kipande. Ule aliyekata hii ya zamani alipimia ku upande huu."

Floribert akahesabu mwenyewe, mara mbili.

"Basi katorze haiko katorze," alisema taratibu.

"Kichwa ni kimoja, lakini meno inasema Kiingereza," alisema Apolline.

Donatien aliruka kutoka kwenye benchi. "Ku kijiji ya Nyantende! Muzee Polycarpe iko na mashine ya kumenya kahawa, ya zamani, ilikufa. Imeandikwa London. Ilimukata kidole, na ni miye nilimufunga kidonda!"

Walikwenda kwa baiskeli mbili, wakisukuma kwenye milima, utepe wa Apolline mfukoni mwa Floribert.

Mzee Polycarpe aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akainua mkono wake wenye vidole vinne.

"Ilikula kidole yangu," alisema. "Na ninyi mukule meno yake. Lakini Donatien, wakikupa ile kazi, uanzie hapa. Hapa watoto wanakufa na kuhara, na barabara ya kwenda mujini ni ndefu."

"Nitaanzia hapa, muzee."

Mashine ilikuwa nyuma ya nyumba, imefunikwa na majani ya maboga. Floribert akaleta katorze. Haikuingia, vichwa vya buloni zile vilikuwa vinene zaidi. Akasimama akitazama ufunguo wake kama mtu aliyedanganywa na rafiki. Halafu akachomoa ule wa taya zinazofunguka, ambao mafundi huuita kle angleze, yaani ufunguo wa Kiingereza.

"Hata ufunguo iko ya Kiingereza!" Donatien akapiga kelele.

Buloni ya kwanza ilikatika kwa kutu. Ya pili waliimwagia mawese, wakangoja, na ikageuka. Floribert akaipangusa, akahesabu juu ya utepe. Kumi na nane. Akaibana na ile ya zamani, meno kwa meno, akaziinua juani. Mwanga haukupita.

Jumapili baada ya Misa aliikata urefu, akaisugua kwa tupa, akaiingiza kwa vidole viwili tu. Ilizunguka hadi mwisho bila sauti, naye akajaza mafuta mapya. Kisha akapigilia msumari ukutani, kando ya funguo zake.

"Hapa ni pa utepe," alimwambia Apolline. "Ununue ingine ya kushona."

"Ile ni yangu. Ununue wewe."

Jumatatu daktari alichuchumaa mbele ya pikipiki, akapitisha kidole chini ya injini. Kilitoka kikavu. Akasimama, akatazama milima, akamuuliza Donatien angependa kuanzia wapi.

"Nyantende," alisema Donatien, na mguu wake ulikuwa tayari kwenye kiki ya kuwashia.