Nafasi Iliyobaki kwa Akina Imrie

Kaburi la akina Imrie pale Inverhallan lilikuwa limebakiza nafasi moja, na Effie aliitaka. Kule Uskoti wafu wa ukoo hulazwa kwa ghorofa: mama yake chini, baba juu yake, kisha huyo wa mwisho. Hata humo baba alikuwa amejilaza kati ya mama na binti, lakini Effie, ambaye hakuitwa kumzika mama, hakujali.

"Nafasi ni yangu," alisema kaka yake, Ranald. "Wewe si ulikimbilia Glasgow na Mkatoliki wako? Kaombe kaburi kwa Papa."

"Funga bakuli lako, Ranald!"

"Kelele za nini?" aliuliza mzee Petrie, mtunza makaburi. "Kanuni ya kanisa hili mnaijua. Aliyechongwa jina ndiye mwenye haki."

Jiwe lilikuwa limezama ardhini nusu nzima, ukungu umelipaka kama uji. Petrie akalimulika kwa kioo cha kunyolea, mwanga ukipita kiubavu, na herufi zikaibuka. Effie akausoma ukoo wake kushuka chini: Hector Imrie, mfumaji, 1791, na mkewe Grizel Tosh, maana kule mke hufa na jina la kwao. Babu Magnus, mlevi aliyewahi kumnywesha pombe farasi wa mchungaji, ameandikwa "mcha Mungu", na jiwe halikucheka. Mama, Jessie Rennie. Baba.

"Humo," Ranald alisema. "Twende, mvua inakuja."

"Nawe humo."

"Ngojeni," Petrie alisema. "Kuna mstari umemezwa na nyasi."

"Hamna kitu hapo, mzee!" Ranald alidakia, haraka mno.

Petrie akachimbua majani, akamwaga maji. Effie akapiga magoti.

"Na binti yao Euphemia, aliyefariki 1974."

Euphemia ndilo jina lake kamili, na huo ulikuwa mwaka wa harusi yake.

"Nani aliniua, Ranald?"

"Baba. Alitaka jina lako liwe chini kabisa ya jiwe. Mimi nilimwita fundi tu."

"Na mama?"

"Aliambiwa ni homa ya mapafu, umezikwa hukohuko Glasgow. Alikuletea maua hapa mpaka anakufa."

"Na barua zangu?"

Ranald akatazama viatu vyake. "Baba alizichoma."

Petrie akakohoa. "Kwa kanuni, nafasi ni ya Euphemia."

"Lakini ni uongo!"

"Basi kawaambie wazee wa kanisa nani alimwita fundi."

Effie akasimama, magoti yametota.

"Tarehe msiiguse, mzee Petrie. Na siku yangu ikifika, huyu msimwite. Yeye alikwisha kunizika."