Pumzi ya Ibu Haishuki

Mara ya tatu moyo haukusogea kwenye skrini niliyokuwa naitazama pale nje ya mlango.

Ibu, mama yangu, alikuwa amelala ndani, barakoa ya hewa imembana pua. Mashine ilitakiwa imsukumie hewa mapafu yajae, moyo ukae mbali na titi la kushoto kabla mionzi haijapigwa. Moyo wenyewe mbovu tangu ule mshtuko wa mwaka juzi. Daktari hakumung'unya maneno: mionzi ikiupitia, titi litapona na moyo utamuua baadaye.

Siku ya vipimo alivuta pumzi vizuri tu. Leo, siku ya kwanza ya mionzi, moyo umeng'ang'ania palepale. Mas Prapto, yaani Kaka Prapto, fundi wa mionzi, kijana mwenye adabu za watu wa mji wa Solo mpaka zinakera, alitoka akaniambia taratibu kwamba watajaribu mara moja tu zaidi. Ikishindikana, daktari aamue: wapige hivyohivyo, au Ibu arudi nyumbani na saratani yake.

Nikamuuliza kwa ukali kama mashine yao ni nzima. Akasema ni nzima, ila mapafu kama yanazuiwa na kitu huko chini. Kisha akainamisha macho. Hawezi, alisema, kumpapasa mama wa watu tumboni.

Lo! Nikakumbuka ya asubuhi.

Asubuhi Ibu aligoma kutoka bila stagen, ule mkanda mrefu wa kitambaa tunaojizungushia kiunoni tukienda mahali pa heshima. Siku ya vipimo alikuja na gauni la nyumbani, watu wakamtazama, na aibu hiyo hakuitaka tena. Mkono wake wa kushoto haunyanyuki tangu upasuaji wa titi, kwa hiyo nilimfunga mimi. Tulikuwa tumegombana kwa kuchelewa. Kila mzunguko niliuvuta kwa hasira zangu zote.

Niliingia bila kuomba ruhusa, nikafunua joho la hospitali, nikaanza kuukunjua ule mkanda. Mas Prapto aligeukia ukutani. Tumbo la Ibu likalegea, limejaa michirizi myekundu, naye akafumba macho huku machozi yakimtoka kwa aibu. Roho iliniuma, lakini sikuacha.

Mimi na Mas Prapto tukatoka, mlango ukafungwa. Kwenye skrini niliona mapafu yakijaa na moyo ukishuka polepole, mpaka ukaacha nafasi ya upana wa kidole kati yake na titi. Mas Prapto akahakikisha mara mbili, ndipo akabonyeza kitufe.

Baadaye, nikimvisha Ibu, nilimuuliza kama stagen ilikuwa inambana sana.

"Tangu nyumbani," alisema.

"Sasa mbona hukuniambia, Ibu?"

Alijifunga kifungo kimoja kwa mkono wake mzima, hakunitazama.

"Ulikuwa umekasirika, mwanangu. Nilikuogopa."