Kisigino cha Kushoto

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mke wa fundi viatu aliuinua mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili, akaulaza juu ya goti la kulia, ndipo akauvalisha raba. Mguu wa kulia haukuhitaji mikono.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Aliona. Alisubiri arudie ili ahakikishe, lakini raba zilikuwa zimeshaingia zote mbili na mkewe alikuwa anafunga kamba.

"Mbona unauinua hivyo?"

"Usingizi. Mwili bado haujaamka."

"Wa kulia umeamka."

"Bwana wee, leo si siku ya kunikagua miguu. Viatu umevitazama mwenyewe Jumapili. Vilisemaje?"

"Viko sawa."

"Basi."

Fundi akamkabidhi chai. Hakuuliza tena.

Siku hiyo kulikuwa na mbio za kuchagua timu ya taifa. Watano wa kwanza wangechukuliwa. Mbio zilizopita mkewe alikuwa wa sita, na aliyemtangulia alimzidi kwa hatua ambazo mtu angeweza kuziruka kwa pumzi moja. Sasa alikuwa na miaka thelathini na sita. Kocha alimwambia waziwazi, bila ubaya, kwamba safari hii asipoingia hatatazamwa tena.

Katika kikundi cha mazoezi walimwita Dizeli, kwa sababu alichelewa kupata moto na akishaupata hazimiki. Jina hilo alilipenda, ingawa lilitaja kasoro yake kuliko sifa. Maumivu aliyasikia kama watu wengine, ila hayakumwambia kitu. Miaka sita nyuma alikimbia na ufa kwenye muundi wa mguu mpaka mfupa ukakatika, na daktari alipomuuliza maumivu yalianza lini, alifikiri kwa muda mrefu na kwa uaminifu, kisha akasema hajui.

Baada ya hapo mumewe alitunga utaratibu. Mtu anayeumia hubadili namna ya kukanyaga kabla hajajua kwamba anaumia, na soli hulika upande. Fundi viatu yeyote huliona hilo. Kwa hiyo kila Jumapili jioni Dizeli angeweka raba zake juu ya meza ya kazi, kibandani, na mumewe angezigeuza na kutazama visigino. Vikiwa sawa, anakimbia. Kimoja kikilika upande, anapumzika mpaka fundi aseme. Yeye Dizeli haulizwi anajisikiaje. Kocha naye haulizwi.

Utaratibu ulifanya kazi. Wakimbiaji wengine nao wakaanza kuleta raba zao, meza ikajaa, na kocha akapaita pale Mahakama ya Jumapili. Fundi akawa Hakimu.

"Hakimu, huyu wangu vipi?" kocha angeuliza.

"Apumzike. Kulia kumelika."

"Hakuna rufaa?"

"Rufaa akaipeleke kwa kisigino chake."

Watu walicheka na kutii. Dizeli alitii kuliko wote. Alizaliwa katika nyumba ambamo mtu aliyekaa chini mchana aliulizwa anaumwa nini, na kupumzika kwa hiari yake kulimfanya ajione mvivu. Kupumzika kwa amri ya kiatu hakukuwa na aibu. Kwa miaka sita hakuumia.

Wiki chache kabla ya mbio za kuchagua timu, fundi aligeuza raba ya kushoto akakuta kisigino kimelika upande wa nje. Hakikuwa kimelika sana. Ukucha ungeingia kwenye tofauti ile. Akasema apumzike.

Dizeli alipumzika. Alifua mapazia, kesho yake akayafua tena. Usiku alilala akitazama ukuta. Aliporuhusiwa kurudi, alikimbia siku chache, na Jumapili iliyofuata kisigino kilikuwa kimelika zaidi. Kwa mujibu wa utaratibu ilikuwa apumzike tena, na kwa muda mrefu zaidi. Muda huo haukuwepo.

Siku ya pili yake alimfuata mumewe kibandani, akakalia kigoda cha wateja.

"Fundi, mtu akikuletea kiatu kimelika upande, unamfanyaje?"

"Najua unakoelekea."

"Nijibu kwanza."

"Nakinyoosha."

"Humwambii akalale nyumbani?"

"Wale hawakimbii."

"Wanatembea, na wewe unawanyoosha, na wanakushukuru. Mimi nina kosa gani? Ninyooshee na mimi."

"Hapana."

"Kinaniuma kinena tu, hata mguu wenyewe hauumi. Ni msuli umekaza, kama kamba."

"Nimesema hapana, mama."

Hakubishana. Alikaa kidogo, akamtazama akishona mkanda wa ndala za mtu, akaondoka akitembea polepole. Fundi alimtazama mgongo mpaka alipopinda kona.

Wazo lilimjia mwenyewe, siku mbili baadaye. Pengine tatizo lilikuwa kiatu. Kisigino kilichokwisha kulika huinamisha unyayo, unyayo ulioinama hukila zaidi, na mguu unavutwa kila hatua. Wazo hilo halikuwa la kijinga. Kwa baadhi ya watu ndivyo ilivyo. Hakumuuliza mtu yeyote kama ndivyo ilivyokuwa kwa mkewe. Alikisawazisha kisigino kwa tupa, kisha akachukua kipande cha mpira wa tairi, akakichonga kikawa chembamba upande mmoja, akainua soli ya ndani ya raba ya kushoto, akakibandika chini yake kwa gundi. Kazi ilikuwa safi. Mteja wa kawaida asingejua kama kuna kitu.

Jumapili visigino vilikuwa bado sawa.

Alivigeuza mara kadhaa, akavipeleka kwenye mwanga. Kocha, aliyekuwa ameegemea nguzo ya kibanda, aliuliza, "Hakimu, hukumu?"

"Akimbie."

Dizeli akapiga makofi mara moja, akamkumbatia mumewe mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

Jioni ile dada yake fundi alikuja kula kwao. Alikuwa muuguzi wa wodi ya majeruhi, mwanamke wa maneno mengi ambaye hakuingia nyumba ya mtu bila kushika kitu na kukikosoa. Alizikuta raba karibu na mlango, akaingiza mkono ndani ya ile ya kushoto ili aisogeze, akasita.

"Mdogo wangu, humu ndani mna nini?"

"Nimenyoosha."

"Umenyoosha nini?"

"Kisigino. Kilikuwa kinalika."

"Na nyie si ndicho mnachokitazama, hicho kisigino?" Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Mahakama gani hii? Hakimu anamziba shahidi mdomo, halafu anasema hakusikia kesi."

Dizeli akacheka. "Wifi, chakula kinapoa."

"Kipoe. Simama hapo. Simama kwa mguu wa kushoto peke yake, uruke. Mara moja tu."

"Ili iweje?"

"Niangalie kisha nile. Ruka, wifi yangu."

"Nimeshakaguliwa leo. Mkaguzi wangu huyu hapa."

"Huyu anakagua mpira. Ruka."

Dizeli alikuwa bado anatabasamu. Aliegemea kiti kwa mkono mmoja, akainua mguu wa kulia kidogo kutoka sakafuni, akaurudisha. Akasema mchuzi unaungua, akaenda jikoni. Mchuzi ulikuwa mezani. Wote watatu walijua kwamba hakuruka.

"Umeona?" muuguzi alisema kwa sauti ya chini.

"Amechoka na maneno yako, dada."

"Nikuulize tu. Ungekuwa hujabandika hicho kipande, leo kiatu kingesemaje?"

Fundi alivuta kiti mezani. Walikula. Muuguzi aliosha vyombo, na alipoondoka aligusa shavu la wifi yake, akasema kama ni kwenda hospitali atatoka kazini waende wote, siku yoyote. Dizeli akamwambia wataenda wiki inayofuata, mbio zikiisha.

Siku ya mbio fundi alisimama karibu na kona ya mwisho, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi ambalo lilikuwa halijafunguliwa. Alikuwa na chupa ya maji ambayo hakuruhusiwa kumpa mtu. Kocha alikuwa upande wa pili wa barabara na filimbi shingoni. Wakimbiaji walikuwa wanapita pale kila mzunguko.

Mzunguko wa kwanza Dizeli alikuwa katikati ya kundi. Wa pili alianza kuwapita. Wa tatu alikuwa wa tano. Fundi hakutazama uso wake. Alitazama viatu, na viatu vilikuwa vinatua sawa, soli nzima, kushoto na kulia. Kwa sauti alisema, "Viko sawa." Mwanamke aliyekuwa karibu naye alimgeukia, akadhani anaambiwa yeye.

Mzunguko wa mwisho alikuwa wa nne.

"Dizeli!" kocha alipiga kelele. "Umeingia! Umeingia, usiangalie nyuma!"

Alipinda kona. Hakukuwa na shimo wala jiwe, na hakuguswa na mtu. Mguu wa kushoto ulitua, na ulipotakiwa kumbeba haukumbeba. Alianguka kwa ubavu, akajaribu kusimama kwa mikono, akaanguka tena. Wa tano alimruka. Wa sita alimzunguka. Fundi alipofika, mkewe alikuwa anajaribu kujivuta kwa viwiko kuelekea mstari wa kumalizia, na mguu wa kushoto ulikuwa umelala nyuma yake, unyayo umegeukia nje kuliko unavyoweza kugeuka.

"Niache," alisema. "Ni pale tu."

"Tulia, mama. Tulia."

"Ni pale tu, baba. Wangapi wamepita?"

Kocha alivuka barabara, akapiga magoti, akautazama mguu, akavua koti lake akamfunika. Hakusema wangapi wamepita.

Picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa paja umevunjika shingoni, pale unapoingia kwenye nyonga, na vipande vimeachana. Daktari wa mifupa alisema ufa ulianza wiki kadhaa nyuma. Alisema maumivu ya ufa wa pale husikika kwenye kinena, na watu wengi huyadhania ya msuli. Ungeonekana mapema, mgonjwa angewekewa magongo, angepumzika, na kwa kawaida ungejifunga wenyewe bila kisu. Alisema hayo bila kulaumu. Aliulizwa, akajibu.

Kisha yeye akauliza. "Maumivu yalianza lini?"

Dizeli alifikiri. Akageuza kichwa juu ya mto, akamtazama mumewe, amjibie.

Fundi akajibu. Alijua wiki, alijua na upande uliolika. Alipofika kwenye kipande cha tairi alisita, kisha akakitaja nacho. Daktari alikuwa ameanza kuandika. Akaacha.

Walimwekea skrubu. Jumapili iliyofuata wakimbiaji walipanga raba zao juu ya meza ya kibanda kama kawaida, na kocha akaja. Fundi alizikusanya kwa jozi, akamrudishia kila mmoja zake bila kuzigeuza.

"Hakimu," kocha alisema.

"Usiniite hivyo."

"Hawa nani atawaambia wapumzike?"

"Sijui. Mimi nashona viatu."

Skrubu zilishika, lakini kichwa cha mfupa hakikupata damu. Daktari alikuwa ameonya kwamba huenda ikawa hivyo. Miezi ilivyopita kilianza kufa na kubonyea, na mguu wa kushoto ukawa mfupi. Waliambiwa kuhusu nyonga ya bandia, kwamba itakuja, lakini si sasa. Kuhusu kukimbia daktari alisema neno moja, na Dizeli hakumwomba alirudie. Njiani kurudi nyumbani aliuliza kama mapazia yamefuliwa.

Kwa sababu mguu ulikuwa mfupi, alitembea akiinama, na mgongo ukaanza kuuma. Daktari aliagiza kiatu cha kushoto kiinuliwe soli.

"Tafuteni fundi mzuri," alisema. Muuguzi, aliyekuwa amewasindikiza, alitazama dirishani.

Fundi alifanya kazi hiyo kibandani asubuhi, mkewe akiwa kwenye kigoda cha wateja, fimbo imelala mapajani. Alichukua kipande cha mpira wa tairi. Alikipima, akakikata, akakichonga kingo, akakipaka gundi pamoja na soli ya kiatu cheusi cha kawaida, akasubiri gundi ishike, akavibana. Gundi ilipokauka alimpa.

Dizeli aliuinua mguu wa kushoto kwa mikono miwili, akaulaza juu ya goti la kulia, akavaa. Alisimama. Akaenda mpaka mlangoni, akarudi, akakaa.