Nilimpiga Picha Mtoto wa Watu

Kwa miaka kumi na sita nimekuwa nikijaribu kamera kwa ajili ya jarida, na sijaona mtihani mkali kuliko siku ya michezo ya shule ya msingi. Watoto wanakimbia, vumbi linatimka, na baba mzima akirudi nyumbani bila picha ya mwanawe atasemwa hadi Mwaka Mpya. Kwa hiyo mhariri aliponikabidhi kamera ya daraja la kati, ile ya mtu wa kawaida anayetaka picha nzuri lakini hataki kuuza gari, nilimwambia naipeleka Chichibu, mji wetu huku Japani, shuleni kwa binti yangu Kozue.

Kozue alikuwa darasa la sita, na hiyo ilikuwa michezo yake ya mwisho pale. Miaka mitano mfululizo nilikuwa nimekwenda na kamera za majaribio, na kila mwaka kitu kikaenda mrama: mara betri, mara lenzi, mara kichwa cha babu wa watu. "Mwaka huu nataka moja tu, baba," aliniambia asubuhi akifunga viatu. "Moja, nikiwa nakimbia." Nikamwahidi.

Tulitandika turubai letu la kukalia kando ya uwanja mapema, kisha nikajibana kwenye kamba karibu na utepe wa mwisho, katikati ya akina baba wengine. Kamera ilinikaa vizuri mkononi, si nzito, na vitufe viko pale pale vidole vinapovitafuta. Nikawaeleza majirani, bila kuulizwa, jinsi inavyomfuata mtu anayekimbia bila kumwachia. Mke wangu Fumie akanikumbusha kwamba nimekuja kumtazama mtoto, si kufungua duka. Nikamwambia atulie, yuko na fundi.

Zikaja mbio za mita mia. Wasichana sita, wote fulana nyeupe, kaptura za buluu, na kofia nyekundu za darasa lao zimeshushwa hadi kwenye nyusi. Walipotokeza kwenye kona nikamnasa wa tano, na kamera ikamng'ang'ania hadi mwisho. Picha arobaini na moja, zote safi, unywele mmoja mmoja unauona. Nilifurahi kama mjinga.

Wakati wa chakula, tukila matonge ya wali na kuku wa kukaanga, nikamwonyesha Fumie picha kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Akasogeza picha mbele, akarudisha, akasogeza tena.

"Baba Kozue," akasema taratibu, "huyu ni mtoto wa watu."

Kozue alikuwa ameshinda. Alikuwamo kwenye picha moja tu, pembeni kabisa: ukungu mwekundu wenye mdomo wazi, unakata utepe.

Akaja mwenyewe, beji ya mshindi kifuani, akaichukua kamera na kuzipitia zote. Ningeweza kusingizia kofia. Ningeweza hata kuisingizia kamera, kazi ninayoijua vizuri. Lakini ilikuwa imefanya kila nilichoiambia.

"Kwa nini ulimfuata wa tano?" akauliza.

"Kwa sababu miaka yote huwa wa tano."

Fumie akaniambia kwamba tangu Agosti mtoto alikuwa akiamka alfajiri kukimbia kando ya mto. Mimi nilikuwa nyumba hiyo hiyo, nimelala. Niliona haya hadi masikio yakapata moto, nikamwomba msamaha binti yangu mbele ya turubai zote za majirani.

Kozue akamega tonge, akatafuna, akaurudia ule ukungu. Kisha akaanza kucheka, na mama yake naye akashindwa kujizuia. Akaniambia nikaandike kwenye jarida kwamba kamera ni nzuri, ila baba anahitaji kutengenezwa. Akafuta vidole, akanirudishia kamera, akaivaa kofia yake.

"Mchana kuna mbio za kupokezana vijiti," akasema. "Safari hii anza kunitafuta mbele."