Kiti cha Mbele cha Babu

Jumapili ile mama aliingia garini, akakaa, na miguu yake haikugusa chini.

Baba alikuwa ameshawasha injini, maana Pijo letu lilipenda kunguruma kidogo kabla ya kuombwa kazi yoyote. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma na kitabu changu cha nyimbo. Mama aliitazama miguu yake, viatu vya kanisani vikining'inia, kisha akamtazama baba. Akainama, akavuta chuma cha chini, na kiti kikaruka mbele kwa kishindo.

"Nani amekaa hapa?"

"Wapi?" baba akauliza.

Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza. Mtu asiye na lake jambo haulizi wapi wakati anaona wapi.

Mama yangu, Martha, ni mfupi. Tangu nipate akili, kiti kile kilikuwa kimesogezwa mbele kabisa na hakuna aliyethubutu kukigusa. Hata mchungaji alipopewa lifti alisafiri magoti yakimkaribia kidevu. Kwa hiyo kama kiti kimerudi nyuma, kuna mtu mwenye miguu mirefu amekaa pale na kustarehe. Njiani mama alivuta pumzi kwa pua mara mbili tatu. Hata mimi niliinusa, harufu ya udi, hafifu lakini ipo. Kwetu hakuna anayefukiza udi.

Niseme kuhusu gari lenyewe, maana bila hilo hakuna kisa. Lilikuwa Pijo 504 lile refu la safu tatu za viti, rangi ya maziwa yaliyolala, gia kwenye usukani. Wakati majirani zetu pale Singida mjini wananunua IST na Noah, sisi tulibaki na lile, na vijana wa stendi wakalibatiza Babu. Baba, Clement, bwana mifugo mstaafu, hakuudhika. "Babu hakimbii," alikuwa akisema, "lakini anafika." Lilikuwa limebeba maharusi, mbuzi, magunia ya alizeti, na bibi yangu mgonjwa akiwa amelazwa safu ya nyuma. Mama naye alilivalisha. Kila kiti kilikuwa na kitambaa cheupe alichofuma kwa mkono wake, chenye maua pembeni, kama makochi ya sebuleni. Chini ya kitambaa cha mbele kiti kilikuwa kimechakaa vibaya, na springi zilishamchania magauni mawili mazuri. Kila Jumapili alilalamika. Jumapili ile hakulalamika, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Tulipotoka kanisani alipapasa chini ya kiti akaibuka na punje nyeusi ya tasbihi. Aliifunga kwenye pindo la kanga. Sisi ni Walutheri.

Nilimpenda sana baba, lakini siwezi kusema nilimtetea. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nangoja ajira, sina la kufanya ila kutazama, na nilikuwa nimeona. Siku hizo kila Jumamosi alinyoa ndevu, akavaa shati lililopigwa pasi, akasema anakwenda Ilongero kumwangalia ng'ombe mgonjwa wa mtu.

"Ng'ombe gani huyo wa kunyolewa ndevu?" mama aliniuliza jikoni.

Jumamosi iliyofuata tulimpa nafasi atangulie, kisha tukachukua bodaboda, watatu mshikaki juu ya pikipiki moja, mama katikati. Kumfuata hakukuwa na ugumu. Kila tulipouliza, watu walinyoosha kidole: Babu kapita hivi. Mwanamume mwenye akili ya kuficha jambo angekwenda kwa miguu.

Tulilikuta limeegeshwa nje ya uzio wa minyaa, peupe, halina mtu, injini bado inalia tik-tik ikipoa. Sauti zilitoka ndani ya uzio.

"Punguza mwendo," mwanamke alisema. "Hapo Issuna ng'ombe hawana adabu."

"Nimewaona," akajibu baba.

Mama alinishika mkono kwa nguvu. Gari letu lilikuwa hapa, baba yuko kule, na bado alikuwa akiendesha. Mama alisukuma mlango wa bati, tukaingia.

Chini ya banda palikuwa na Pijo jingine, la bluu, ndugu kabisa wa letu, limepandishwa juu ya mawe. Halikuwa na magurudumu wala boneti, na kuku walikuwa wakipita chini yake. Baba alikaa nyuma ya usukani, mikono yote miwili juu. Kando yake, mahali palipostahili kuwa na kiti, palikuwa na sakafu tupu ya chuma na kigoda, na juu ya kigoda mwanamke mrefu wa makamo, amejitanda ushungi, anatazama mbele kama mtu aliye barabarani kweli. Kama ningemkuta baba amemshika mkono ningeelewa zaidi.

Baba aliachia usukani kana kwamba ameungua.

"Shikamoo," nikasema, maana mdomo umefundishwa.

"Marahaba, mwanangu." Jina lake lilikuwa Amne.

Mama alifungua pindo la kanga, akanyoosha kiganja. "Hii ni yako?"

Amne aliichukua ile punje, akaisugua kwa kidole. "Ya marehemu mume wangu, Miraji. Uzi ulikatika garini tukitoka Mitundu kununua asali. Nilizipata zote, hii nikaikosa. Ilikuwa wapi?"

"Chini ya kiti changu."

"Ndiyo," alisema Amne taratibu. "Kiti changu."

Ndipo baba akapata sauti. "Mama Scola, kile cha zamani kilikuwa kinakuchana."

Alikitafuta kiti mkoa mzima, akakosa, hadi mtu akamwambia kuna mjane Ilongero ana Pijo bovu. Amne alikataa kuuza. Alisema kiti atakitoa, lakini apelekwe Mitundu, kama zamani. Baba akamwambia hilo jepesi, atampeleka na Babu. "Si kwa hilo," Amne akamjibu. "Kwa hili." Basi kila Jumamosi baba akaja kulipa safari isiyokwisha, na Jumamosi iliyotangulia akaruhusiwa kukifungua kiti, akakifunga kwetu, akakivisha kitambaa cha mama ili amshangaze. Angemwambia nani? Mzee mzima, anaendesha gari lisilo na magurudumu.

"Miraji ndiye aliyekirudisha nyuma," alisema Amne, "goti langu lilipovimba. Hakikuguswa tena tangu siku hiyo."

Mama, aliyekivuta mbele kwa kishindo, alitazama chini. Kisha alizunguka, akafungua mlango wa nyuma wa lile gari la bluu, akaingia.

"Mmefika wapi?"

"Issuna," baba akajibu kwa woga.

"Basi twende, jua linatuacha."

Nikaingia na mimi. Baba akashusha gia. Tulipita Manyoni, mama akamwamuru apige honi kwa ajili ya watoto. Tulipita Itigi. Amne alitaja kila kona, alitaja miti yenye mizinga, na Mitundu baba akavuta breki ya mkono. Mjane alilia sana, na mama alimwekea mkono begani kutoka nyuma.

Tulipotaka kuondoka na Babu, mama aliketi, akavuta kile chuma, akakisukuma kiti nyuma kwa makalio mpaka kikagota. Miguu ikaning'inia.

"Kiti nimekiamini," alimwambia baba. "Wewe bado."

Na kweli, hakumwacha tena aende Ilongero peke yake mpaka tulipomzika baba.

Sasa Babu naendesha mimi. Mama husafiri viatu vikining'inia, kwenye mashimo anashika dashibodi, na ukimwambia asogeze kiti anakukata jicho. Lakini Jumamosi tukifika kwenye ule uzio wa minyaa, hushuka bila kuambiwa na kwenda kukaa nyuma. Amne, ambaye zamani alilikataa gari hili, hupanda mbele, hukaa, hunyoosha miguu. Yake inagusa chini.