Shati Lililofuliwa

Mtaa mzima ulimwita Chuma. Jina hilo alilipata aliporudi kwenye tanuri lake la mikate muda mfupi baada ya kufiwa na mumewe. Alikanda unga, akapanga mikate dirishani kama kawaida, na kila mteja aliyekuja na maneno yake ya pole alijibiwa, "Nimeshapoa. Mkate mmoja au miwili?" Watu waliondoka wakitikisa vichwa. "Yule mama si mtu wa kawaida," walisema. "Yule ni chuma."

Lakini chuma nacho hushika kutu, na kutu haipigi kelele.

Mumewe alikuwa fundi viatu, mtu wa mzaha, mwenye vidole vyeusi kwa rangi ya kiwi. Korona iliwakamata wote wawili kwa pamoja. Mke alibanwa na homa, mume akabanwa na kifua. Gari la hospitali lilipofika kumchukua, alivua shati lake la kazi, akalitundika nyuma ya mlango wa chumbani, akavaa jingine safi.

"Nisije nikawalevya manesi wa watu kwa gundi," alisema. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomsikia akiyatamka. Hospitali watu hawakuruhusiwa kuingia, na habari zote zilizofuata zililetwa na simu. Ile ya mwisho ilipigwa na nesi mwenye sauti ya upole, aliyeomba radhi mara nyingi kana kwamba yeye ndiye aliyeua. Watu waliovaa mavazi meupe toka utosini hadi miguuni walimzika fundi viatu, na mkewe wakati huo alikuwa amefungiwa ndani, bado anahesabiwa mgonjwa.

Alipopata nguvu za kusimama, alikwenda moja kwa moja kwenye lile shati. Alilishika kwa mikono miwili, akauzika uso wake ndani yake, akavuta pumzi. Hola. Akavuta tena mpaka mbavu zikamuuma. Ilikuwa kama kunusa ukuta. Shati lililozoea kunukia gundi, ngozi na jasho la mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote ile, sasa lilikuwa kitambaa tu. Akaenda jikoni akapasua kitunguu, akakileta puani. Akafungua kopo la hamira. Vyote kimya. Ndipo alipoelewa kwamba ugonjwa haukuondoka na mume peke yake.

Hakumwambia mtu. Mwoka mikate asiyesikia harufu ni sawa na kinyozi kipofu. Nani atamwinamishia kichwa? Alijifunza kuoka kwa macho, akawa anachungulia tanuri kila mara kama mtu anayemngoja mgeni. Ila lilikuwapo jambo jingine ambalo hata nafsi yake alishindwa kuieleza. Machozi hayakuja. Alijifungia stoo, akakaa juu ya gunia la unga, akangoja kulia kama mtu anavyongoja chafya, na chafya ikakataa. Usingizi ulimpaa. Chakula kilikuwa kama anatafuna karatasi. Wakati mwingine alijiona yuko mbali, anamtazama mwanamke fulani aliyefiwa, na hata kumhurumia hawezi. Walimwambia ajikaze, akajikaza, na alipotaka kujilegeza akakuta hajui tena pa kushika.

Barabara zilipofunguliwa, mama mkwe akaja. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye ulimi usio na breki, na fundi viatu alikuwa mwanawe wa kiume wa pekee. Hakutua hata mkoba. Aliingia chumbani, akaliona shati nyuma ya mlango, akalivuta kifuani, na yowe alilolitoa liliwatoa majirani ndani.

"Mwanangu huyu hapa! Bado yupo, jamani, bado yupo!"

Alipotulia kidogo, alimnyooshea mkwewe lile shati, macho yamemvimba. "Nusa, binti yangu. Nusa umwone mumeo."

Chuma alinusa. Alilirudisha akiwa na macho makavu. "Ndiyo, mama," alisema.

Mama mkwe alimtazama kwa muda mrefu. Tangu siku ile hakumwita tena binti yangu. Alilala na shati chini ya shavu lake, na asubuhi alipita tanurini akiwa kimya kama mpangaji. Mchana alimpigia simu bintiye, na kuta za nyumba ile hazikujua kutunza siri. "Hata chozi moja, mwanangu! Hata la kuazima! Kaka yako yuko chini ya udongo, huyu anahesabu mikate. Nani ajuaye kama alimpenda."

Upande wa pili wa ukuta, Chuma alisimama na mikono imejaa unga. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kujiuliza swali hilohilo.

Siku moja mama mkwe alikwenda kliniki kupimwa presha. Chuma aliweka mikate ya mchana tanurini, kisha akavua mashuka ya vitanda vyote, akayaloweka kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu, kama kila nyumba ilivyofanya wakati ule wa hofu. Akafikicha, akasuuza. Ni wakati wa kukamua ndipo mkono wake ulipokuta kola. Shati lilikuwa limejiviringisha ndani ya shuka la mama mkwe.

Alilikunjua polepole. Alilinusa, akakumbuka kwamba kunusa kwake hakuna maana. Hakuweza kujua kama kuna kilichobaki. Akalianika kwenye kamba, akasimama palepale, akiomba kimoyomoyo liwe limebakiza hata chembe ya harufu yake.

Mama mkwe aliingia uani akiwa bado na barakoa. Aliliona. Alikimbia, kandambili moja ikabaki mlangoni. Aling'oa barakoa, akaukandamiza uso wake kwenye kile kitambaa kilichokuwa kikichuruzika maji. Alinusa kwapa. Alinusa kola. Akanusa kifua.

"Sabuni," alisema kwa sauti ndogo. "Sabuni tupu."

"Mama, sikuliona. Lilikuwa ndani ya..."

"Umemwua mara ya pili!" Sauti ilipanda. "Mara ya kwanza yalikuwa maradhi, nikasema kazi ya Mungu. Hii ni kazi ya nani? Nilikuwa na kitu kimoja tu, mke wa mwanangu! Kimoja! Kesho naondoka. Siwezi kuishi na jiwe." Akakohoa, akageuka kuelekea ndani. "Na mikate yako inaungua, huko! Moshi wote huu, husikii?"

Chuma aligeuka. Moshi mweusi ulikuwa unatoka mlango wa tanuri nyuma ya mgongo wake, na yeye alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale.

"Sisikii, mama," alisema.

"Husikii nini?"

"Harufu. Sisikii harufu yoyote tangu nilipougua. Si moshi, si mkate." Akalionyesha lile shati kambani. "Ulinipa shati ninuse. Wewe ulimwona mwanao. Mimi sikumwona mume wangu, mama. Niliona nguo. Kuzika sikuzika, kumwosha sikumwosha, na hata pale mlangoni alipobakia, sikumkuta."

Mama mkwe alilitoa shati kwenye kamba. Aliketi chini, kwenye sakafu yenye maji, shati mapajani. Mikate ikaendelea kuungua. Baada ya kitambo akapigapiga sakafu kando yake.

"Kaa hapa, binti yangu."

Chuma akakaa.

"Lilinukia gundi," mama mkwe alisema. "Hilo unalijua. Na ngozi ile mbichi. Lakini kwenye kola, hapa, palikuwa na harufu yake mwenyewe. Hii alizaliwa nayo. Nyuma ya masikio, alipokuwa mchanga, alinukia kama nafaka iliyoanikwa juani. Nikadhani akikua itaisha. Haikuisha. Na huku begani..." Alipapasa bega la shati. "Huku begani palinukia mkate. Nilikuwa najiuliza, fundi viatu na mkate wapi na wapi? Kumbe ni wewe. Ulikuwa unalala hapo."

Hapo ndipo Chuma alipovunjika. Hakulia kama watu wanavyolia msibani, kwa maneno na kusifu. Alilia kama mtu anayetapika, ameshika sakafu kwa mikono yote miwili. Mama mkwe alimlalia mgongoni naye akalia, na mikate ikawa makaa.

Mama mkwe hakuondoka. Wiki iliyofuata alimshika mkono mkwewe wakaenda wote kliniki, wakamwona mshauri, mama mmoja wa makamo aliyesikiliza zaidi kuliko alivyosema. Daktari wa pua hakuahidi chochote. "Huenda ikarudi, huenda isirudi," alisema, na hadi leo haijarudi. Tanurini mama mkwe amekuwa pua ya nyumba. Anakaa kwenye kiti karibu na mlango, akipaza sauti, "Toa! Imeiva!" na mara nyingine anakosea, wakala mikate mibichi.

Bado ziko asubuhi ambazo Chuma hawezi kuinuka. Mwili upo, macho yamefunguka, lakini kitanda kimemkamata kama tope. Zamani angejiburuta, akafungua dirisha, akatabasamu. Siku hizi mama mkwe anamtazama usoni mara moja tu, anamfunika shuka, anakwenda kuuza mikate ya jana.

Asubuhi mojawapo mteja aliuliza, "Chuma yuko wapi leo?"

"Usimwite hivyo. Anaumwa."

"Pole yake. Anaumwa nini?"

Chumbani, Chuma alishika pumzi. Alingoja asikie kichwa, au mgongo, au homa.

"Huzuni," mama mkwe alijibu. "Amefiwa na mumewe, na mimi nimefiwa na mwanangu. Leo zamu yake, kesho pengine yangu. Mkate mmoja au miwili?"

Mteja akasema miwili. Chuma aligeukia ukutani, akalia bila kuuma shuka ili asisikike.