Mikono ya Alhamisi

Fundi Saa alikuwa mzee mkaidi mwenye ulimi mkali, na watu wa kanisani walimwogopa kidogo. Kwa hiyo daktari alipomwambia presha imepanda vibaya, kikundi cha kuombea wagonjwa kilisitasita mlangoni pake kabla ya kubisha hodi.

"Karibuni, ila msinipigie kelele," alisema. "Presha ninayo, uziwi sina."

Wakacheka, wakaingia. Kiongozi wao, mama mmoja mwalimu mstaafu, alimketisha kitini, nao wakamzunguka na kumwekea mikono kichwani, mabegani, mgongoni. Ndivyo kikundi kile kinavyomwombea mgonjwa. Asiyefikia bega hushika hata kiwiko. Mikono ilikuwa ya moto, na mmoja ulinuka vitunguu. Fundi Saa alifumba macho. Tangu mkewe azikwe hakuna aliyemgusa zaidi ya kumpa mkono wa salamu, labda nesi, naye huvaa glavu.

Mungu anisamehe, lakini sidhani kama siku ile alisikia hata neno moja la maombi.

Wakawa wanakuja kila Alhamisi. Siku hiyo mzee ananyoa ndevu, anafagia, anapanga viti, ananunua biskuti ambazo yeye mwenyewe hazili. Usingizi ukamrudia. Dawa zilikuwa zilezile alizokuwa akizimeza bila nafuu, ila sasa presha ikaanza kushuka, hata daktari akapima tena akidhani mashine imeharibika.

"Mzee, umekuwa kijana!" akasema.

Habari zikafika kanisani kabla yake. Jumapili Mwalimu akamsimamisha mbele atoe ushuhuda, waumini wakapiga makofi na vigelegele. Fundi Saa akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Alifurahi kwelikweli, maskini.

Alhamisi iliyofuata akapanga viti kama kawaida. Chai ikapoa. Jioni akampigia simu Mwalimu, akijifanya anaulizia saa za ibada.

"Leo tulikuwa kwa mke wa mwokaji mikate, mguu umemvimba," Mwalimu akamwambia. "Wewe umeshapona, kaka yangu. Tunakutolea mfano kila tuendako!"

"Asanteni sana," akajibu. Angesema nini? Kikundi ni cha wagonjwa, naye hakuwa mgonjwa.

Binti yake, anayeishi mbali, naye akapiga.

"Baba, mbona sauti ya kinyonge? Si umepona?"

"Nimepona, mama."

"Basi mshukuru Mungu."

"Namshukuru."

Simu ikakatika. Nyumba ilikuwa kimya hata friji ikasikika inavyojikohoza. Akatia kidonge cha presha kiganjani, akakitazama, kisha akakirudisha kwenye kopo. Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Msiniulize kama alijua hatari yake. Alijua vizuri sana, na upweke ulimuuma kuliko hatari.

Kichwa kilianza kumgonga. Kisha dunia ikamzunguka akiwa sokoni, akaanguka katikati ya mafungu ya nyanya, watu wakambeba mpaka zahanati. Nesi alipoona presha yake aliguna.

"Babu, dawa unameza?"

"Nameza, mjukuu wangu," akasema, macho yakiwa ukutani.

Alhamisi walikuja wote nyumbani kwake, hata mke wa mwokaji na mguu wake uliofungwa bendeji. Mwalimu alikuwa analia waziwazi bila kujali kamasi. Wakamzunguka. Mikono ikatua juu yake mmoja baada ya mwingine, na joto likamwingia mpaka mifupani, naye akalia kama mtoto aliyepotea akaonekana.

"Bwana, mponye ndugu yetu!" Mwalimu akaomba, mkono wake ukiwa juu ya upara wa mzee. "Mponye leo hii, asiugue tena!"

Wote wakaitikia amina kwa sauti moja. Fundi Saa aliibana midomo yake, akiogopa Mungu asije akawasikia.